Tupeane uzoefu: sauti ya mgeni iliyoubeba wimbo wa wengine

Wakuu, habari za leo. Nipo Dodoma mjini, Chang'ombe. Kuna waimbaji ambao wakiwa na kundi lao umeshawazoea, ukisikia wimbo mpya unajua watapandia wapi na watashukia wapi. Wakishirikishwa kwa watu wengine, wanatoa kitu ambacho nyumbani kwao hawajawahi kukitoa. Tuwataje hao, na useme ulisikilizia wapi na nini kilikushika. Sitaki kolabo ya kutafuta jina. Nataka ile ambayo ukimtoa mgeni, wimbo hausimami.

Naanza na "Starehe" ya Ferooz wa kundi la Daz Nundaz, aliyomshirikisha Professor Jay aliyetokea kundi la Hard Blasters. Wimbo wa UKIMWI, enzi ambazo kila mtaa ulikuwa na msiba wake. Ferooz anaimba kwa uchungu kabisa, halafu Jay anaingia kuchana bila kumfunika mwenye wimbo. Msanii mkubwa kiasi kile angeweza kuumeza wimbo wa mwenzake, lakini alikuja kuutumikia. Jay alipokuwa mbunge wa Mikumi, 2015 hadi 2020, kila nikisikia anachangia bungeni hapa, mimi kichwani nilikuwa na vesi ile.

Karibuni.

Mdau wa Mpwapwa
Mimi ni mtu wa kwaya, hivyo namtaja dada Rose Muhando. Huku kwetu alijulikana kama mwalimu wa kwaya ya Mtakatifu Maria, Anglikana Chimuli, kabla nchi nzima haijamfahamu. Kwenye nyimbo zake yeye ndiye dereva: anaita, anakemea, wacheza shoo wanamfuata. Sasa sikiliza "Vua Kiatu" ya Anastacia Mukabwa wa Kenya. Pale Rose ni mgeni, inabidi asubiri zamu, na akipewa nafasi ule mkwaruzo wa sauti yake unaingia pembeni ya sauti laini ya mwenzake. Kwaya yetu tulijaribu kuuimba kwa waimbaji wawili wenye sauti zinazofanana, ukapooza. Mwalimu akabadilisha mmoja, akaweka mama mwenye sauti nzito, ukasimama.

Mdau wa Manyoni
Bi Kidude na kundi la Offside Trick la Zanzibar, "Ahmada". Bibi wa taarabu na unyago katikati ya vijana, na vijana ndio wanaoonekana wageni. Sina la kuongeza.

Mdau wa Chamwino
Mnanishangaza, mpo Dodoma na hamjamtaja mzee Hukwe Zawose. Tumemzoea na zeze na ilimba, ile ala ya vidole gumba, na watu wa familia yake wakiitikia. Mwaka 2002 ilitoka albamu inaitwa "Assembly", yeye na mpiga gitaa Michael Brook wa Canada, chini ya Real World, kampuni ya Peter Gabriel. Mwaka uliofuata mzee akafariki.

Niliipata baadaye sana, nikampigia bibi yangu kwenye spika ndogo jioni tukipukuchua mahindi. Mnajua Wagogo kuimba ni kwa wengi: mmoja anaanzisha, wengine wanapokea, kila mmoja na njia yake. Bibi alisikiliza kidogo akauliza, "Wenzake wako wapi?" Nikamwambia wenzake ni hayo magitaa na mashine. Akanyamaza. Mzee akatoka kwenye ile sauti ya chini kabisa inayokoroma kooni, akapanda juu hadi kule pembamba. Hapo bibi akaanza kuitikia mwenyewe, pale pale ambapo kundi lingeitikia, na akipatia! Gitaa lilikuwa limeacha nafasi. Kwangu hiyo ndiyo kazi kubwa ya Brook: hakujaza kila mahali. Mtu anayemwalika Mgogo kuimba lazima aache nafasi ya watu kuitikia, hata kama watu hao hawapo studio.

Mdau wa Kondoa
Nitatoka nje ya nchi kidogo, kwa sababu linanihusu. Mwaka 1973 bendi ya Pink Floyd ya Uingereza ilimwita Clare Torry, mwimbaji wa kukodiwa wa studio, aje studio ya Abbey Road kwenye wimbo "The Great Gig in the Sky". Hakupewa mashairi. Alianza kwa vijineno vya mapenzi, wakamkataza, ndipo akaamua sauti yake iwe kama chombo. Hakuna neno hata moja analotamka, lakini nilipousikia kwa mara ya kwanza nikiwa kwenye basi la kuja Dodoma nilidhani ni mtu anayefiwa. Alilipwa paundi 30. Mwaka 2004 akaenda mahakamani, na 2005 wakamalizana nje ya mahakama. Tangu hapo anaandikwa kama mtunzi mwenza.

Mimi niliimba kiitikio kwenye studio moja, nikalipwa nauli na soda. Wimbo ulipigwa kwenye maharusi msimu mzima, na jina langu halipo popote. Kile kiitikio nilikitunga mwenyewe pale pale kwenye maiki.

Mdau wa Makole
Franco na Tabu Ley Rochereau wa Kongo, 1983. Bendi zao, TPOK Jazz ya Franco na Afrisa ya Tabu Ley, zilikuwa mahasimu wa miaka mingi, lakini walimuimbia pamoja mwanamuziki mkongwe Kabasele aliyefariki mwaka ule. Baba alikuwa nayo kwenye kanda, akaichezesha mpaka utepe ukakatika.

Mleta mada
Mkuu wa Makole, naipokea, ingawa pale wote ni wenyeji.

Wewe wa Kondoa, usiliache lipite. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamtambua mtunzi, na inamlinda mwimbaji pia. Umesema kiitikio ulikitunga mwenyewe, basi mtafute mwenye wimbo muandikishane, na uende COSOTA, ofisi ya hakimiliki, na ushahidi ulio nao. Kama una rekodi ya siku ile, hata ya simu, itunze. Halafu tuwekee jina la wimbo hapa, tuusikilize.