Ameambiwa moyo wake ni mzima, mbona hofu haimwachi?

Msomaji_Kimya:
Wakuu, naomba ufafanuzi kuhusu mashambulio ya hofu, yale yanayomvaa mtu ghafla: moyo mbio, kifua kubana, jasho, ganzi vidoleni, na yakini kwamba sasa anakufa. Dalili nazielewa. Kinachonitatiza ni kwamba mtu amepimwa, kipimo cha umeme wa moyo kiko sawa, daktari amemweleza, naye amekubali. Wiki inayofuata anashikwa tena kwa nguvu ileile. Mwanasaikolojia William James anasema mwili hutangulia na hisia hufuata. Wanasaikolojia Schachter na Singer wanasema mwili husisimka, kisha akili huupa msisimko huo jina. Je, nadharia hizi mbili zinatosha kueleza hili? La pili: kwa nini kupumua taratibu humsaidia mtu mwanzoni, halafu kunagoma?

Fundi_wa_Nadharia:
Zinagusa lakini hazifiki. James aliandika mwaka 1884, na mwanafiziolojia Walter Cannon akamjibu mwaka 1927 kwa hoja ambayo hadi leo ni ngumu kuikwepa: moyo mbio na jasho vipo kwenye hofu, vipo kwenye hasira, vipo hata kwenye homa. Mwili peke yake hausemi ni hisia gani. Pengo hilo ndilo Schachter na Singer walilotaka kuliziba mwaka 1962 kwa sindano za adrenalini, homoni inayomwagika mwilini mtu akishtuka. Baadhi ya watu waliambiwa watakavyojisikia, wengine hawakuambiwa, kisha kila mmoja akawekwa na mtu aliyeigiza furaha au hasira. Vitabu vingi husimulia jaribio hilo kana kwamba lilimaliza ubishi. Ukweli ni kwamba matokeo yake yalikuwa hafifu, na watafiti Marshall na Zimbardo walipolijaribu tena mwaka 1979 hawakuyapata.

Kwa swali lako mtu wa kumsoma ni mwanasaikolojia David Clark, makala yake ya 1986. Kwake jambo si jina la hisia bali maana ambayo mtu anaipa dalili. Moyo unadunda, mtu anasoma "mshtuko wa moyo", anaogopa, adrenalini inamwagika, moyo unadunda zaidi, naye anaona ushahidi umeongezeka. Duara hilo hujifunga ndani ya dakika chache. Tena kila dalili ina fasiri yake: kifua ni moyo, kizunguzungu ni kuzimia, kujiona kama hauko mwilini mwako ni kichaa. Ndiyo maana "tulia, huna kitu" haifanyi kazi. Lazima kwanza ujue dalili ipi imefungwa na janga lipi.

Sasa, kwa nini majibu ya daktari hayamfai? Kwanza, yanahusu moyo wa siku ya kipimo, na hofu inauliza kuhusu moyo wa dakika hii. Pili, na hili ndilo zito zaidi, kuna tabia za kujikinga, ambazo mwanasaikolojia Salkovskis alizieleza vizuri mwaka 1991. Akishikwa, mtu huketi, hushika ukuta, hunywa maji, hupima mapigo yake. Shambulio linapita, maana siku zote hupita. Lakini somo analoondoka nalo ni "nimepona kwa sababu niliketi". Anaweza kupita mashambulio mia na asijifunze hata mara moja kwamba asingekufa akiwa amesimama.

Pumzi_Tatu:
Niongeze kwenye kupumua. Mtu mwenye hofu huhema kuliko mwili unavyohitaji. Hewa ya ukaa kwenye damu hushuka, asidi ya damu hupungua, mishipa ya ubongo hubana kidogo, na hapo kizunguzungu kinaanza. Kalsiamu inayofanya kazi kwenye damu nayo hushuka, ndiyo ganzi ya vidole na midomo. Kupunguza kasi ya pumzi hurekebisha hayo, kwa hiyo nafuu ya mwanzo ni ya kweli. Kinachoharibu ni pale pumzi inapoingia kwenye orodha ya Fundi hapo juu, ikawa ukuta mwingine wa kushika. Siku ikishindwa kutuliza, mtu anaona kinga yake ya mwisho imeanguka.

Dawa ya hilo ni kuzitafuta dalili kwa makusudi:

1. Andika utabiri kabla ya kuanza, mahususi, na uupe namba 0 hadi 100. "Nitaogopa" si utabiri. "Nikiwa nimesimama nitaanguka ndani ya dakika moja, 80" ndio.
2. Chagua zoezi linaloleta dalili inayomtisha huyo mtu: kuhema kwa kasi na kwa kina sekunde 60, kuzunguka kwenye kiti sekunde 60, kukimbia palepale dakika 1, au kupumulia mrija mwembamba pua ikiwa imebanwa dakika 2.
3. Ukimaliza, usijitulize. Simama, acha dalili zishuke zenyewe, kisha rudi kwenye utabiri: kilitokea? Namba sasa ni ngapi?
4. Rudia zoezi hilohilo mara kadhaa siku hiyohiyo.

Makosa yanayojirudia: kuacha sekunde ya 20 dalili zinapoanza tu, kufanya mbele ya mtaalamu peke yake, na kumeza kidonge cha kutuliza kabla, maana sifa yote itaenda kwa kidonge. Kosa jingine ni kufanyia mahali pamoja. Mafunzo mapya hayafuti hofu ya zamani, yanakaa juu yake, na mwanasaikolojia Bouton ameonyesha jinsi yanavyofungamana na mazingira. Badilisha chumba, saa, na watu waliopo.

Daftari_la_Kliniki:
Nakubali, ila msilifanye la kila mtu. Mwenye ugonjwa wa moyo, pumu kali, kifafa au mimba asianze bila daktari. Tezi ya thairoidi iliyozidi kasi na kafeini nyingi pia huiga picha hii, kwa hiyo vipimo vya mwanzo si anasa. Kinachochosha ni kupimwa tena kwa mara ya kumi na moja.

Halafu kuzimia. Kwenye shambulio la hofu shinikizo la damu kwa kawaida hupanda, na kuzimia kunahitaji lishuke, hivyo utabiri wa kuanguka karibu kila mara hushindwa. Hofu ya damu na sindano ni tofauti: shinikizo hupanda kisha huporomoka, na watu huzimia kweli. Hapo kulegeza mwili ni kosa. Mwanasaikolojia Öst alifundisha kukaza misuli ya mikono, miguu na kiwiliwili sekunde 10 hadi 15 mpaka uso upate joto, kuachia sekunde 20 hadi 30 bila kulegea kabisa, mara 5.

Msomaji_Kimya:
Nimepata. Basi mtu aache kabisa kupumua taratibu?

Pumzi_Tatu:
Aendelee nayo kabla ya kulala au baada ya kazi, akipenda. Isitumike ndani ya zoezi, wala shambulio linapoanza. Njia rahisi ya kujua imekuwa kinga: mwulize angetabiri nini kama angekatazwa kuitumia. Akikutajia janga, anza na utabiri huo.