Nimempeleka mama makao ya wazee, kila Jumapili ananililia. Nipunguze kwenda?

Kitindamimba_58: Wanajamvi, naomba ushauri, matusi wekeni kando. Mama ana miaka 79, ana ule ugonjwa wa kusahau, daktari ameandika dimenshia. Nilikuwa naishi naye hapa Section 58, Nakuru. Siku moja alifungua gesi, hakuiwasha, akatoka kwenda kuteka maji mtoni. Mto wenyewe uko kijijini kwetu Vihiga, mbali na hapa. Mtu wa boda alimkuta kando ya barabara kuu ya Nairobi na kiatu kimoja. Nikampeleka makao. Sasa nikienda Jumapili jioni ananishika koti, ananiita jina la marehemu baba, anasema tuondoke ng'ombe hawajakamwa. Usiku silali. Nipunguze kwenda?

Nyar_Kano: Kwetu Ahero mzazi hapelekwi popote. Nyanya yetu tulimlea wajukuu kwa zamu. Mimi nilipewa usiku, ndiyo maana hesabu ilinishinda. Lakini alifia mikononi mwetu, na baraka zake naziona mpaka leo.

Zamu_ya_Usiku: Mimi ni muuguzi. Usipunguze, badilisha saa. Wengi wenye ugonjwa huu hupandwa na wasiwasi jua likianza kutua, nawe ndipo unapoingia. Nenda asubuhi. Wala usimwambie "baba alishakufa", maana kwake ni msiba mpya kila ukitamka. Muulize ng'ombe gani alikuwa na maziwa mengi. Ukitaka kuondoka, mlezi ampe maharagwe ya kuchambua, nawe utoke bila kuaga sana. Na akichanganyikiwa ghafla kuliko kawaida yake, apimwe mkojo. Maambukizi ya njia ya mkojo humvuruga mzee kabisa.

Konda_Mstaafu: Hapo makao wanapika nini? Naulizia nafasi yangu mapema, mke wangu ameanza kuniangalia vibaya.

Kitindamimba_58: Asante muuguzi, asubuhi nitajaribu. Konda, wanapika vizuri, malipo tunachanga.

Mama_Lurambi: Mnachanga na nani? Nduguzo walisema nini ulipompeleka? Hapo naona umeruka.

Mama_Lurambi: Kitindamimba, nakuona uko hewani.

Kitindamimba_58: Sawa. Hawajui. Wanajua mama yuko kwangu na nimeajiri msichana wa kumwangalia. Pesa wanazotuma ndizo nalipia makao, zikipungua naongeza zangu. Sijala hata senti. Kaka mkubwa yuko Qatar, anakuja Desemba. Mpango ni kumtoa mama kabla hajafika, akirudi kazini namrudisha. Msimamizi nimeshaongea naye, na kuna dada wa jirani atakaa hapa kama yule msichana. Msinihukumu. Huyo kaka ndiye alisema kwenye kikao mama akipelekwa kwa wageni tusimhesabu tena. Nepi hajawahi kubadilisha hata moja.

Mama_Lurambi: Kwa hiyo mgonjwa ameanza kuzoea kitanda, unamng'oa, unamrudisha kwenye gesi ile ile, kisha unamng'oa tena. Ili wewe usigombezwe.

Kitindamimba_58: Gesi nitaificha.

Mwalimu_Mstaarabu: Kifungu cha 57 cha Katiba ya 2010 kinampa mzee haki ya kutunzwa na familia yake na serikali. Familia ni pamoja na huyo wa Qatar. Halafu, 2,000 za Inua Jamii, ile posho ya serikali ya wazee, zinaenda wapi?

Kitindamimba_58: Nepi. Umewahi kuuliza bei ya nepi za watu wazima?

Jicho_la_Kunguru: Ngojeni kwanza. Huyu mwaka jana si alituomba mchango wa mazishi ya mama hapa hapa? Mama anazikwa, mama anafufuka, sasa anateka maji. Mnapewa hadithi.

Konda_Mstaafu: Nilituma mia mbili!

Nyar_Kano: Nilijua tu. Mtu wa kweli angetaja makao yenyewe.

Kitindamimba_58: Yule alikuwa mama mkubwa, mke wa kwanza wa baba. Waluhya wenzangu hapa mnaelewa. Na makao siwezi kutaja, shemeji zangu wanasoma humu.

Jicho_la_Kunguru: Wanasoma humu na umeandika Section 58, Vihiga na Qatar. Haya.

Binti_wa_Webuye: Hadithi au si hadithi, mimi baba yangu yuko chumba cha pili, amejifungia chooni tena na anasema mimi ni mwizi. Hiyo ya kutobishana nimeichukua. Muuguzi, kitasa cha ndani nikiondoe?

Zamu_ya_Usiku: Kiondoe leo. Na funguo zisibaki mlangoni.

Mama_Lurambi: Kitindamimba, mpigie kaka usiku huu. Saa za Qatar na Kenya ni zile zile, usituambie amelala.

Kitindamimba_58: Nikimpigia atasema mama arudishwe kijijini kesho, na kijijini hakuna mtu. Wacha Desemba ipite.

Konda_Mstaafu: Mia mbili yangu je?