Naomba ushauri: mwanangu ndiye anayenitafsiria kwenye vikao vya shule

Ndugu zangu, hasa mlioko Marekani na mna watoto shuleni, naombeni ushauri.

Tunaishi mji mdogo huku Iowa. Mwanangu wa darasa la nne ana shida ya kusoma, na kila ninapoitwa shuleni yeye huyohuyo ndiye anayewekwa katikati atafsiri. Anaambiwa mambo mazito yanayomhusu mwenyewe, kisha anigeukie mimi aniambie kwa Kiswahili. Kikao kilichopita aliinamisha kichwa, sauti ikamkauka. Iliniuma sana. Mkuu wa shule ni mtu mwema, hilo nalisema wazi, ila jibu lake ni kwamba hawana mkalimani wa Kiswahili.

Ninachojua, Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964 inazibana shule zinazopokea fedha za serikali kuu, na mzazi asiyejua Kiingereza vizuri ana haki ya kupewa mkalimani bila malipo, hata kama ni kwa simu. Mtoto hatakiwi kubebeshwa kazi hiyo.

Sasa nianzie kwa nani? Juu ya mkuu wa shule kuna msimamizi wa wilaya nzima ya shule, na juu yake bodi inayochaguliwa na wananchi. Mji wenyewe ndio huu: karani wa shule tunasali naye, dereva wa basi ni jirani. Sitaki ionekane nimemshtaki mtu.

Kuna aliyewahi kuandika barua ya namna hii? Aliielekeza wapi? Na kikao kijacho, nikatae kukaa mpaka mkalimani apatikane?