Tupeane uzoefu: tulivyoanzisha klabu zetu za mbio na yaliyotukuta mwanzoni

Ndugu wanamichezo, naomba sisi tulioanzisha klabu za mbio mitaani kwetu tusimuliane ya miezi ile ya kwanza, kwa sababu naona klabu nyingi zinazaliwa kwa shangwe na kufa kabla hata fulana hazijapauka.

Yetu ya Tabata, Dar es Salaam, ilianza mwaka 2018 tukiwa majirani sita, tukikutana kituo cha daladala kila Jumapili saa kumi na moja na nusu alfajiri. Wiki ya nne tulikuwa 23, na hapo ndipo shida ilipoanza, maana wenye kasi walikuwa wakimaliza kilomita nane, wanakunywa maji na kwenda zao, huku waliokuja kwa ushauri wa daktari kwa ajili ya presha na sukari wakiachwa nyuma gizani. Mama mmoja aliachwa hivyo, akafukuzwa na mbwa, akafika kituoni ameshika kiatu kimoja mkononi, na aliyemkuta ni mimi tu pamoja na mlinzi wa duka. Sikuwa na la kumwambia. Tangu siku ile mtu mmoja hukimbia wa mwisho kwa makusudi, na dumu la maji halifunguliwi mpaka yeye afike. Wenye kasi walinuna, wanne wakahama. Yule mama alibaki, na leo ndiye mweka hazina wetu.

*Kutoka Mbagala*

Kaka, sisi tuliumizwa na fedha. Tulichangishana shilingi 15,000 kila mmoja kwa ajili ya fulana, fundi akapokea malipo ya awali na kutoweka, nasi viongozi tukaanza kutazamwa kama wezi katika mtaa tuliokulia. Tulilipa kutoka mifukoni mwetu kwa miezi mitano. Afisa michezo ndiye aliyetushauri tuandike katiba na kuomba usajili chini ya Sheria ya Baraza la Michezo la Taifa ya mwaka 1967, na nilichojifunza ni kwamba kazi hiyo ilipaswa kutangulia mchango wowote, hata wa maji.

*Kutoka Tanga*

Sisi wanawake tulianza watatu, tukikimbia na madira yetu kuelekea Raskazone, na maneno ya barazani yalikuwa mazito kuliko kilima chochote: mke wa mtu anatoka alfajiri kumfuata nani? Hatukujibizana na mtu. Tuliwaalika waume na mama wakwe waje watuone, na mama mkwe wangu, Mungu amweke, alitembea nasi nusu ya njia akiwa na bakora yake, na tangu hapo mtaa ukanyamaza. Mwezi wa Ramadhani tulihamisha mazoezi yakawa jioni, mepesi, yakiisha muda mfupi kabla ya kufuturu, na kwa kufanya hivyo hatukumpoteza mwanachama hata mmoja.

*Kutoka Moshi*

Kwetu kila Februari, Kilimanjaro Marathon inapokaribia, tunajaa hadi watu 50 wanaotaka kuingia uwanja wa Chuo Kikuu cha Ushirika, mbio hizo zinapomalizikia, wakiwa na pumzi, na ikifika mwisho wa Machi tunabaki saba. Miaka miwili ya mwanzo tulichagua viongozi Februari, na wote wakatukimbia. Sasa tunafanya uchaguzi Aprili, wakati wa mvua za masika, na anayefika siku hiyo akiwa amelowa ndiye tunayempigia kura.