Mrejesho: Lile swali la watu wawili wenye idadi sawa ya marafiki

Wakuu, nimerudi. Niliuliza namna ya kuthibitisha kwamba kwenye kundi lolote la watu wawili au zaidi, lazima wapatikane wawili wenye idadi sawa ya marafiki humo humo kundini (urafiki ukiwa wa pande zote mbili). Mkaniambia nichore grafu (mchoro wa nukta na mistari), mtu awe kipeo, yaani nukta, na urafiki uwe mstari, kisha nihesabu digrii zinazowezekana, yaani idadi ya mistari inayogusa kila kipeo.

Imekubali! Kwa watu n, digrii huanzia 0 hadi n−1, kwa hiyo mwanzoni inaonekana kila mtu anaweza kupata yake. Kumbe 0 na n−1 hazikai pamoja: aliye rafiki wa wote hawezi kuwa kundi moja na asiye na rafiki hata mmoja. Zinabaki thamani n−1 kwa watu n, basi wawili lazima wagongane. Uthibitisho mtamu sana huu.

Aliyenielekeza kwenye swali la madaraja saba ya mji wa Königsberg (je, unaweza kutembea ukavuka kila daraja mara moja tu?), alilolishughulikia mwanahisabati Euler mwaka 1736, asante pia. Hapo kila sehemu ya nchi kavu ni kipeo na kila daraja ni mstari; digrii ni 5, 3, 3, 3, zote witiri, na matembezi ya kuvuka kila daraja mara moja tu hayaruhusu vipeo vyenye digrii witiri zaidi ya viwili, kwa hiyo hayawezekani.