Hadithi ya bibi anayeitwa mchawi, mbona kila mtu anamjua mhalifu mapema?

Mjukuu_wa_Newala: Wakuu habari za jioni. Naandika hadithi ya vijana, mji mdogo huko Newala, mimi nimekulia Dar ila bimkubwa ndo wa kule. Dogo wa kidato cha pili kapotea usiku wa ngoma, mtaa mzima unasema bibi mjane kamfanya ndondocha anamlimisha shamba usiku. Rafiki yake wa kike ndo anapeleleza, na mganga wa kunyoa wachawi keshaitwa anakuja Ijumaa. Kuna mtu anaonekana alfajiri kwenye ukungu, kwenye mikorosho ya bibi, kajaa unga mwili mzima, hapo nilitaka msomaji aogope. Washkaji niliowapa waisome wamemtaja baba mdogo, shemeji wa bibi, kuwa ndo mhalifu hata hawajafika katikati. Na bibi nimempa macho mekundu. Nirekebishe wapi?

MamaZai_Lindi: Mwanangu macho mekundu toa. Hayo ni mambo ya Shinyanga na Mwanza huko, vikongwe wamepikia kinyesi cha ng'ombe maisha yao yote moshi umewaharibu macho, halafu wanauawa kwa hayo macho. Huku kwetu maneno yanaanza korosho zako zikizaa kuliko za jirani na wewe huna mume wa kukusemea. Muweke bibi anayetania watu, anayegawa ming'oko, vile viazi vya porini, hapo ndo watu wakimgeuka inauma.

Kangomba_Mstaafu: Mkuu huyo mtu wa unga Newala haogopeshi mtu 😂 mwezi wa 6 mpaka wa 8 ni salfa hiyo, dawa ya ubwiriunga, ule ugonjwa wa mikorosho, inapulizwa alfajiri umande bado upo ili ishike kwenye majani na upepo umetulia, na mashine inapiga kelele kama bodaboda mbovu. Ila usiifute!! Iache iwe kitu cha kawaida kabisa, baba mdogo anampulizia shemeji yake mikorosho, watu wanamsifu ana roho nzuri. Hiyo Julai. Tuhuma zianze Septemba, mnada wa korosho Oktoba. Binti akikaa akapiga hesabu, salfa ni hela, nani anamwaga salfa kwenye miti isiyo yake kama hategemei kuvuna yeye? Msomaji kaiona tangu mwanzo akaipita. Na dogo alikuwa kibarua wa kubeba mashine, kasikia kitu. Saizi watu wanamjua baba mdogo kwa sababu umempa kelele nyingi, ukimfanya yeye ndo anamtetea bibi kikaoni hakuna atakayemgusa.

Wakili_wa_Mtaani: Ongeza na sheria. Sheria ya Uchawi, Sura ya 18, ipo tangu 1928, kumtaja mtu kuwa mchawi ni kosa, isipokuwa ukipeleka kwa wenye mamlaka. Sasa sheria hiyohiyo inampa mkuu wa wilaya nguvu ya kuamuru mtuhumiwa akakae sehemu nyingine akiridhika kwamba analeta hofu. Kwa hiyo baba mdogo hahitaji mtu auawe wala nini, anahitaji barua tu, anaweza hata kusema "tumhamishe kwa usalama wake". Mimi hilo linanitisha kuliko ndondocha.

Na usiogope kuwapa watoto nguvu. Kule Massachusetts, Marekani, kesi za uchawi za Salem za 1692 zilianza na wasichana wadogo kutaja watu, 19 wakanyongwa. Elizabeth Johnson Jr. alihukumiwa kifo 1693 akaponea, jina lake likasafishwa 2022 tu baada ya wanafunzi na mwalimu wao kulipigania. Yaani watoto walianzisha na watoto wakamalizia.

Mjukuu_wa_Newala: Kangomba wewe ni mtu mbaya 🙌 kumbe salfa nilikuwa naionea mbali. Ya kumtetea bibi kikaoni naichukua. MamaZai shikamoo, macho nimetoa.

MamaZai_Lindi: Marahaba. Dogo yupo hai lakini?

Kangomba_Mstaafu: Mvushe Ruvuma, yupo Msumbiji anauza vocha. Ila mganga afike kwanza na wembe wake.