Sukari ya chai tumeiacha, mbona kipimo bado 12?

LangoniAmu
Assalam aleikum. Mamangu ana miaka 64, ana kisukari aina ya pili, anatumia dawa za metformin na glibenclamide. Sukari kwenye chai tumeiacha, tunatia asali. Bado asubuhi kabla ya kula mashine inasoma 11 au 12 (mmol/L). Chamsha kinywa ni mahamri matatu na mbaazi za nazi, mchana wali wa nazi kwenye sinia pamoja na watu wa nyumbani, usiku muhogo, maana tuliambiwa chakula cha asili hakina neno. Tende na dafu je, aache kabisa? Naomba vipimo. "Kula kwa kiasi" tumeshaambiwa sana.

LisheMalindi
Wa aleikum salaam. Asali iondoeni leo. Kijiko cha chai cha sukari kina wanga (sehemu ya chakula inayopandisha sukari mwilini) kama gramu 4, cha asali karibu 6, kwa hiyo hapo mmeongeza. Lakini mzigo wenyewe uko kwenye mahamri: moja la ukubwa wa kiganja lina gramu 25 hadi 30. Matatu ni 75 au zaidi, kabla hajagusa mbaazi. Wanawake wengi wa umri huo huanzia gramu 30 hadi 45 kwa mlo mzima. Basi hamri moja, mbaazi nusu kikombe, yai la kuchemsha, chai bila kitu.

Muhogo umewapoteza wengi. Gramu 100 zina wanga wa 35 au zaidi, wakati wali ulioiva una karibu 28. Asili yake haibadilishi hesabu. Usiku mpeni kiazi kitamu kimoja cha ukubwa wa ngumi, samaki, na mchicha mwingi, na ale mapema. Kipimo cha asubuhi hubeba mlo wa usiku, na juu yake sukari ambayo ini huiachia mtu akiwa amelala, ndiyo maana kinaweza kuwa juu hata kama hajala kitu tangu jana.

Sasa sinia. Hapo hakuna ajuaye amekula kiasi gani: mchuzi unalainisha, mwenziwe anamsogezea minofu, matonge hayahesabiki. Kabla wali haujamwagwa siniani, mpakulieni wake kwenye sahani ya kawaida: nusu yake mabenda, mchicha au kachumbari, robo samaki au kuku, robo wali. Sahani iwekwe pale pale mkekani, ale na wenziwe, asitengwe. Aanze na mboga na samaki, wali aumalizie. Mpangilio huo peke yake hupunguza mpando wa sukari baada ya kula.

Nazi haina wanga mwingi, ila mafuta yake huchelewesha chakula tumboni. Akila wali wa kasimile, kipimo cha saa mbili kinaweza kuonekana kizuri kisha sukari ikapanda baadaye. Pikeni kwa tui jepesi.

Tende ndogo tatu zina wanga gramu 15, dafu moja ni 10 hadi 15 kulingana na ukubwa. Si haramu, ila zichukue nafasi ya wanga mwingine wa mlo huo. Kama figo zina shida au anatumia dawa ya presha kama enalapril au losartan, dafu amuulize daktari kwanza, kwa sababu ya potasiamu.

Muuguzi_Shela
Naongeza jambo ambalo lisiposemwa litaleta hatari. Glibenclamide husukuma insulini, homoni inayoshusha sukari, hata kama mtu hajala. Mkipunguza wanga ghafla na dozi ikabaki ile ile, sukari inaweza kushuka sana, na kwa mtu wa miaka 64 dawa hii hukaa mwilini muda mrefu. Mwambieni daktari kabla ya kubadilisha mlo, na tena kabla ya Ramadhani.

Akitoka jasho, akitetemeka au akichanganyikiwa, pimeni. Ikiwa chini ya 4, mpeni vijiko vitatu hadi vinne vya chai vya sukari kwenye maji, pimeni tena baada ya dakika 15, mrudie ikiwa bado. Halwa au hamri havifai hapo, mafuta huchelewesha. Akizimia, msimtie kitu mdomoni, mkimbizeni hospitali.

LangoniAmu
Shukran sana. Tupime saa ngapi?

LisheMalindi
Kabla ya mlo, kisha saa mbili tangu tonge la kwanza. Kwa wengi lengo ni 4.4 hadi 7.2 kabla, na chini ya 10 baada, ingawa daktari anaweza kulegeza kwa mtu mwenye umri mkubwa. Anawe mikono kwa sabuni na kuikausha kabla ya kujidunga: kidole kilichoshika tende au embe hutoa namba ya uongo. Andikeni namba pamoja na alichokula, wiki nzima, mpeleke daftari kliniki.